Macho Yatangulie Miguu: Wosia kwa Vijana wa Uwanja wa Shabaha

Wanangu,

Kipima muda cha mwamuzi nimekikabidhi kwa wenye macho makali kuliko yangu, na kuanzia sasa nitakuja uwanjani kukaa kivulini na kuwatazama. Lakini kabla sijanyamaza, nawaachia neno juu ya jambo ambalo kila kijana anayeingia katika mchezo huu hulitamani kuliko mengine yote: kufyatua risasi huku miguu ikienda. Mnawaona mabingwa wakivuka steji, yaani njia iliyopangiwa shabaha, kutoka pembe hadi pembe, bastola ikiwa usawa wa macho, risasi zikitoka bila wao kusimama, nanyi mnadhani siri ni mbio. Siri ni macho. Wosia wangu wote ni huu: usiende kwa kasi inayoyapita macho yako. Yanayofuata ni ufafanuzi wake.

Kwanza jueni mlichorithi. Mwaka 1975 walengaji walikutana Zürich, Uswisi, kushindania ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu, na Ray Chapman wa Marekani akautwaa. Mwaka uliofuata, katika mji wa Columbia jimboni Missouri, likaundwa shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, IPSC, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Afrika haikungoja kualikwa mlangoni. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji tunaouita Harare leo, na yale ya mwaka 2002 yakafanyika Pietersburg, ambayo sasa ni Polokwane, Afrika Kusini. Kwa hiyo mnapojipanga pale Kirigiti, Kiambu, msijione wageni wanaojaribu mchezo wa watu.

Waasisi walichoka na ulengaji wa kusimama mahali pamoja mbele ya duara. Walitaka mlengaji asogee, achague, afikiri, kisha apige. Lakini hawakuuachia mchezo uwe wa wakimbiaji. Waliuwekea nguzo tatu kwa Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu, kasi. Usahihi umetajwa wa kwanza na kasi ya mwisho. Anayeanza na kasi anajenga nyumba kwa kuezeka paa.

Sasa nianze na usalama, kwa sababu asiyekuwa salama hana haki ya kufundishwa mengine.

Kanuni inasema kwamba unaposogea bila kulenga wala kupiga, vidole vyako viwe nje ya kikingio cha kifyatuo, na mwamuzi avione. Unapopiga ukitembea, kidole kiko ndani kihalali, maana unalenga. Hatari imejificha mpakani mwa hali hizo mbili. Umemaliza karatasi ya shabaha ya tatu, ya nne imefichwa na ukuta, na katikati yake kuna hatua mbili au tatu. Katika hatua hizo hulengi kitu, na kidole kilichosahauliwa ndani kinakutoa katika mashindano yote, hata kama bado hakijamdhuru mtu. Lifanyeni hili kuwa zoezi. Bastola ikiwa tupu, mwenzako atembee nyuma yako akitazama kidole tu, asijali kingine chochote. Kila shabaha inapopotea machoni, kidole kitoke; inapotokea tena na bastola ikatulia juu yake, kidole kirudi. Rudieni hadi kidole kifuate macho bila kuambiwa.

La pili ni mdomo wa bastola. Mpaka wetu wa kawaida ni nyuzi 90 kila upande, kuhesabia pale unapotazama moja kwa moja mwisho wa uwanja. Wengi wanaotumia mkono wa kulia huuvuka mpaka huo wanapokimbilia kushoto huku wakibadilisha magazini, kwa sababu mwili unageukia kule wanakokwenda na bastola inageuka pamoja na kifua. Dawa yake ni kuacha kiuno kigeuke, mdomo wa bastola ukibaki umeelekea kwenye tuta la nyuma. Fanyeni hivyo mkitembea polepole, magazini tupu mkononi, mpaka mikono ijue njia yenyewe. Na mwamuzi akikusimamisha, mshukuru. Amri yake ndiyo inayomrudisha kila mtu nyumbani kwake jioni.

Nikishasema hayo, nawaletea hesabu, kwa sababu kijana asiyejua hesabu za mchezo huu atakimbia mahali pa kusimama na kusimama mahali pa kwenda.

Katika steji zetu alama ulizopata hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Risasi iliyoingia ukanda A hukupa alama 5. Kwa mwenye risasi za nguvu ndogo, ukanda C hukupa 3 na D hukupa 1; kwa mwenye nguvu kubwa, C ni 4 na D ni 2. Risasi iliyokosa hukuondolea 10, juu ya zile 5 ambazo ungezipata. Chukua steji ya risasi 24, ambayo alama zake kamili ni 120, na walengaji wawili wa nguvu ndogo. Mlengaji wa kwanza anapiga A 20 na C 4, anapata 112, anatumia sekunde 16: matokeo yake ni 7.00. Wa pili anapita akitimua vumbi, anamaliza kwa sekunde 14, lakini nusu ya risasi zake zimeangukia C. Ana alama 96, na matokeo yake ni 6.86. Amemtangulia mwenzake kwa sekunde 2 nzima, naye ndiye aliyeshindwa.

Ukiielewa hesabu hiyo, utajua bei ya kila hatua. Pale matokeo yanapokuwa karibu na 7, sekunde moja ina thamani ya alama 7 hivi. Kwa mwenye nguvu ndogo, kila C inamgharimu alama 2, karibu sehemu 3 za kumi za sekunde. D inamgharimu alama 4. Risasi iliyokosa inamgharimu 15, zaidi ya sekunde 2. Kwa hiyo, kama kupiga ukitembea kunakuokolea sekunde 1 na kunakupa C mbili zaidi, umefaidi. Kukikupa C nne, umepata hasara. Ukikosa risasi moja tu, heri ungesimama. Mwenye nguvu kubwa ana nafasi pana zaidi, kwa kuwa C inamnyima alama 1 tu, na ndiyo maana msiige mwendo wa mtu wa kundi jingine bila kutazama risasi anazotumia.

Wahenga walituachia misemo miwili inayoonekana kugombana: mwenda pole hajikwai, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika mchezo huu yote miwili ni kweli. Hesabu ndiyo inayokuambia leo, kwenye steji hii, uufuate upi.

Basi tuje kwenye mazoezi yenyewe. Nayapanga kwa namna ninavyotaka myafuate, na msiruke ngazi.

Anzeni na mwili kabla ya bastola. Kunja magoti kidogo, shusha nyonga, fupisha hatua. Unapokwenda mbele, kisigino kiguse chini kwanza, kisha wayo ubingirike hadi vidoleni. Viwiko visikazwe kama vyuma, maana kiwiko kilichokazwa hupeleka kila mtikisiko wa mguu hadi kwenye bastola. Jaza kikombe maji hadi ukingoni, kishike kwa mikono miwili mbele ya macho pale ambapo bastola ingekuwa, uvuke ua wa nyumba yako. Nenda mbele, rudi nyuma, nenda kando kote kuwili. Maji yatakuonyesha kosa la mguu kabla shabaha haijakuonyesha. Yakimwagika, usikaze mikono. Shusha nyonga zaidi. Fanyeni hivyo kwenye sakafu, kisha kwenye nyasi, kisha kwenye kokoto, na udongo mwekundu wa Kiambu ukilowa mvua, fanyeni papo hapo. Siku ya mashindano hamtachagua ardhi.

Zoezi la pili ni kavu, bila risasi. Chumba kisiwe na risasi hata moja, bastola ikaguliwe mara mbili, na ukuta unaoulenga uwe ule usio na mtu nyuma yake. Bandika karatasi ndogo ukutani, utembee ukiielekea huku ukitazama kinundu cha mbele cha kulengea, au nukta nyekundu kama unatumia lenzi. Utaona kinacheza. Kitacheza daima, hata kwa bingwa wa dunia kinacheza. Tofauti ni kwamba bingwa anakiona kinavyocheza na amekubali kicheze ndani ya ukanda A. Anayeanza anasubiri kipite katikati, kisha anakinyakua kifyatuo kwa ghafla, na mnyakuo huo ndio unaoipeleka risasi chini, kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Basi bonyeza mfululizo, taratibu, mchezo huo wa kinundu ukiendelea, bila kuudhibiti kwa nguvu. Risasi ni ghali kwetu, lakini zoezi hili halina gharama, nalo ndilo linalowatenganisha walengaji zaidi ya mfuko wa fedha.

La tatu ndilo moyo wa wosia huu: kuisoma risasi. Sasa uko uwanjani, na risasi za kweli. Simama mita 10 kutoka kwenye karatasi, piga moja, na kabla hujatazama tundu mwambie mwenzako imeingia ukanda gani. Kile kinundu kilionyesha wapi wakati mlio ulipotoka? Hapo ndipo risasi ilipokwenda. Mmarekani Brian Enos, katika kitabu chake cha mwaka 1990, Practical Shooting: Beyond Fundamentals, aliuweka mchezo mzima juu ya kuona kwa namna hii, na sijapata kuona njia nyingine iliyo bora. Ukiweza kuisoma risasi umesimama, anza kutembea na uisome ukienda. Mwendo wako halali ni ule ambao bado unaweza kusema, kabla ya kutazama, "hiyo ni A, hiyo ni C." Ukianza kubahatisha, miguu imeyapita macho. Rudi nyuma kidogo.

La nne, kwenda mbele na kurudi. Kwanza simama mita 10, piga risasi 6 bila haraka, uone zinavyokusanyika. Kisha anza mita 15, tembea hadi mita 7 ukizimaliza 6 nyingine kwenye karatasi mpya. Linganisha. Zote zikibaki ndani ya A mara kwa mara, ongeza mwendo kidogo tu. Zikitoka mbili, punguza. Usipange risasi zitoke kila mguu unapokanyaga. Zitoke macho yanaporuhusu. Kurudi nyuma kufanyeni kwa uangalifu zaidi, vidole vya mguu vikitangulia kupapasa ardhi, na mjue kwamba mashindanoni ni nadra kulipa.

La tano, kwenda kando. Weka karatasi 3 umbali wa mita 7 au 8, ziachane kidogo, uvuke mbele yake mita 5 ukipiga mbili mbili. Nyayo zielekee unakokwenda, kiuno kijisokote, kifua kibaki na shabaha. Kila mtu ana upande unaombana. Kwa wengi wa mkono wa kulia ni kwenda kushoto, kwa sababu bastola inatakiwa kubaki upande wa kulia wa mwili. Mnaupenda upande mwepesi, nami najua; upeni ule mgumu muda mwingi zaidi.

La sita, mapipa mawili. Yaweke yakiachana mita 2 au 3, shabaha mbele yake, utembee ukiyazunguka kwa njia ya tarakimu 8 huku mdomo wa bastola ukielekea kwenye tuta wakati wote. Mwenzako akipaza sauti, inua, ona, piga mbili, shusha, kidole nje, endelea. Zoezi hili linakutia mbele, nyuma na kando ndani ya dakika moja, na linafichua tabia zote mbaya za mdomo wa bastola. Kwa hiyo lianzeni na bastola tupu, mtu mmoja kwa wakati mmoja, wengine wote nyuma.

La saba ndilo linaloleta faida kubwa kuliko yote, ingawa vijana hulidharau kwa sababu halina mbwembwe: kuingia na kutoka mahali pa kupigia. Chora masanduku mawili ardhini, mita 5 kati yake, kila moja likiwa na karatasi 3. Unapokaribia la pili, bastola iwe imeshapanda kabla hujafika, hatua zako za mwisho ziwe fupi, magoti yamekunjwa, na risasi ya kwanza itoke mara kinundu kinapokubali, hata kama mguu wa pili haujatulia. Unapotoka, acha karatasi iliyo nyepesi iwe ya mwisho, uzito wa mwili uwe umeshahamia mguu wa kuondokea risasi inapotoka. Hapa unapiga ukisogea bila mtu kutambua kwamba unasogea. Steji ndefu inaweza kufika risasi 32, na kila mahali unapoingia na kutoka kuna sehemu ya sekunde inayokungoja uiokote. Mtazameni Eric Grauffel wa Ufaransa, aliyeanza kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999 kule Ufilipino. Msitazame miguu yake. Tazameni bastola inavyokuwa tayari machoni kabla miguu haijafika.

La nane, pimeni njia mbili. Panga shabaha unavyotaka, uipige steji hiyo kwa kusimama, kisha uipige ileile kwa kutembea. Andika alama na sekunde za kila njia katika daftari, ugawanye, urudie siku nyingine. Daftari halina upendeleo wala halioni haya. Litakuambia kwamba karatasi iliyo wazi mita 6 unaipata ukitembea bila kupoteza kitu, na kwamba ile ya mita 15 iliyofunikwa nusu na karatasi ya adhabu, ile isiyopaswa kupigwa, inakutaka usimame. Litakuambia pia kwamba sahani ndogo ya chuma ni ya kusimamia, kwa sababu chuma hakina C: kinaanguka au hakianguki. Siku ya mashindano, unapoikagua steji, uamuzi wako utoke katika daftari hilo, usitoke katika makofi ya watazamaji.

Na mkiwa mnakagua, tazameni mistari ya mipaka ya steji. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mguu ukigusa ardhi nje ya mstari huku unapiga, unalipa alama 10, na ukipata faida kubwa kwa kusimama huko unaweza kulipa kwa kila risasi. Hesabu hatua zako na ujue mguu upi utatua wapi.

Mwisho wa mafundisho, nawausia juu ya mwenendo. Kanuni za mchezo zinawaasa raia wasivae nguo za kijeshi, na hekima yake ni wazi: sisi ni wanamichezo. Silaha unayoimiliki umeaminiwa nayo na sheria ya nchi kwa leseni, na imani hiyo inaweza kuondolewa. Haitoki kwenye ala kwa ajili ya picha. Haitajwi baa. Haimtishi jirani, mke, mume wala dereva aliyekukera barabarani. Nyumbani ikae imefungwa mahali ambapo mtoto hafiki. Jamaa zetu wengi wanaujua mlio wa bunduki kwa msiba tu, na kila mmoja wenu ni ushahidi kwao kwamba upo mwenendo mwingine. Ushahidi huo unapimwa zaidi mkiwa nje ya uwanja kuliko mkiwa ndani.

Utafika wakati mtakuwa na kasi. Itakuja yenyewe, kama tunda la kazi mliyoifanya polepole, na mtashangaa kwamba hamkuitafuta. Hapo ndipo mtakapojaribiwa kuwadharau wanaoanza. Msiwadharau. Kijana mpya akija uwanjani na bastola mpya na hamu ya kukimbia, msimcheke na msimwache. Mshikeni mkono, mumfundishe kidole kwanza, kisha mdomo wa bastola, kisha mumpe kikombe cha maji, na risasi ziwe za mwisho. Mkifanya hivyo kwa mmoja baada ya mwingine, uwanja huu utabaki salama hata kama hakuna hata mmoja wetu wazee aliyebaki kuulinda.

Mwenyezi Mungu awalinde mikono na macho, awape utulivu kabla ya kasi, na awarudishe kila mara wazima kwa wanaowasubiri.

Ni mimi, mzee wenu wa uwanja.